Namna ya Kumtambua Adui wa Kupikwa

Unajua jinsi inavyoanza. Kwenye simu inaingia klipu ya wanajeshi wakikimbia, kisha sauti ya mtu asiyejitaja, kisha ujumbe wa herufi kubwa: nchi fulani inatuchokoza. Kesho yake waziri anairudia hoja hiyo jukwaani. Wiki haijaisha, fundi viatu wa mtaani kwenu mwenye pasipoti ya nchi hiyo ameshaanza kuangaliwa kwa jicho baya.

Kabla hujachagua upande, jipe dakika kumi. Usianze kwa kuuliza kama nchi ile ni mbaya, maana kila nchi ina mabaya yake na ukiyatafuta utayapata. Uliza hivi: hapa nyumbani, nani anafaidika sisi tukiiogopa?

Fungua kalenda. Tafuta siku tuhuma iliposikika kwa mara ya kwanza, kisha rudi nyuma mwezi mmoja. Serikali ilikuwa inasumbuliwa na nini? Mgomo, bei ya unga, ripoti ya ukaguzi, ugomvi ndani ya chama? Kiandike kwenye karatasi.

Wajaribu majenerali wa Argentina kwa kipimo hicho. Tarehe 30 Machi 1982 vyama vya wafanyakazi viliandamana Buenos Aires kupinga utawala wa kijeshi na ugumu wa maisha. Polisi wakawapiga na kuwakamata. Siku tatu baadaye, tarehe 2 Aprili, jeshi la Jenerali Leopoldo Galtieri lilivamia visiwa vya Falklands, vilivyokuwa chini ya Uingereza na ambavyo Waargentina wanaviita Malvinas. Uwanja wa Plaza de Mayo, uliokuwa shabaha ya waandamanaji wiki hiyohiyo, ukajaa watu wanaoshangilia.

Kuwa mwangalifu hapo. Mpango wa uvamizi ulikuwepo kabla ya maandamano, na madai ya Argentina juu ya visiwa hivyo ni ya tangu karne ya 19. Kalenda peke yake haihukumu mtu. Inakuonyesha pa kuchimba. Dai lilikuwa la zamani na watu wengi waliliamini kwa dhati, ila haja ya majenerali ya kulitumia mwaka ule ndiyo iliyokuwa mpya. Vita vilichukua siku 74. Walikufa Waargentina 649, Waingereza 255 na wakazi 3 wa visiwani. Galtieri aliondoka madarakani siku chache baada ya jeshi lake kusalimu amri.

Angalia na upande wa pili pia. Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, alianza mwaka ule akiwa hapendwi na Waingereza wengi, na Juni 1983 alishinda uchaguzi kwa kishindo. Vita havikuwa sababu pekee, lakini vilimsaidia. Mtu anaweza kuwa ndiye aliyechokozwa kweli na bado akavuna kisiasa.

Sasa orodhesha maadui wa kiongozi anayekuhutubia. Chukua miaka mitano au sita ya nyuma. Kama kila msimu ana adui mpya, na kila adui anatajwa wakati mambo yamembana, huhitaji mtaalamu wa kukufafanulia.

Sisi tunaye wa kujifunzia, Idi Amin wa Uganda. Mwaka 1972 maadui walikuwa Waasia waliokuwa wakiishi Uganda, aliowapa siku 90 waondoke. Februari 1976 ikawa zamu ya Kenya. Alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, kisha akarudi nyuma Wakenya walipokuja juu. Mwaka 1978 ikawa Tanzania.

Huo mwaka 1978 uchukue taratibu. Bei ya kahawa, iliyokuwa tegemeo la Uganda, ilikuwa imeporomoka baada ya kupanda sana mwaka uliotangulia. Marekani ikapiga marufuku kahawa ya Uganda. Makamu wa Amin, Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari mwezi Aprili, na wafuasi wake jeshini walihisi kuna mkono wa mtu. Kufika Oktoba baadhi ya vikosi vilikuwa vimeasi. Ndipo Redio Uganda ikatangaza kwamba Tanzania imevamia. Mwisho wa mwezi huo waliovuka mpaka walikuwa askari wa Amin mwenyewe. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera sasa ni mali ya Uganda.

Usitoke hapo na wazo kwamba kila anayelia kuvamiwa anadanganya. Tanzania ilivamiwa kweli, na hapo ndipo unapopata kipimo chako bora. Tishio la kweli lina mahali panapotajika. Mutukula panajulikana, Minziro panajulikana, na daraja la Kyaka lilivunjwa, kila mtu akaliona limevunjika. Tishio la kweli lina waathirika wanaosema wenyewe: familia zilizokimbia, wafugaji walioporwa ng'ombe, wafanyakazi waliokuta kiwanda cha sukari kimekombwa. Tishio la kupikwa mara nyingi lina msemaji mmoja tu, naye yuko mji mkuu.

Kipimo kingine ni jina la adui. Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978, alitaja sababu, uwezo na nia, na aliyelengwa alikuwa Amin. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na jeshi la Tanzania, JWTZ, mpaka Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Mganda hakuwa adui. Ukisikia kiongozi anazungumza kwa namna hiyo, akimtaja mtu na kosa lake na ugomvi unapoishia, msikilize kwa makini zaidi. Ukisikia anasema "watu wale ndivyo walivyo", funga redio.

Hata adui wa kweli anaweza kuongezewa chumvi mpaka akawafunika wasiohusika. Agosti 1998 vita vya pili vya Kongo vilipozuka, Rwanda na Uganda zilikuwa zimewaunga mkono waasi kweli. Hilo si la kupika. Lakini Kinshasa kukatolewa maneno yaliyowalenga Watutsi kwa jumla, raia kwa askari, na watu wakasakwa majumbani na kuuawa. Hotuba za mwezi huo za Abdoulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo, zilimfanya hakimu wa Ubelgiji atoe hati ya kumkamata mwaka 2000, akimtuhumu kwa uchochezi wa chuki. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Ubelgiji iifute hati hiyo mwaka 2002 kwa hoja ya kinga ya waziri wa mambo ya nje aliye kazini. Maneno yenyewe haikuyatakasa.

Kwa hiyo sikiliza neno linavyohama. Jumatatu ni "serikali ya nchi ile". Jumatano ni "wale". Ijumaa ni "wadudu" au "nyoka". Likifika kwenye wadudu, mazungumzo ya usalama wa taifa yameisha. Toka kwenye kundi hilo la WhatsApp, na kabla hujatoka waambie kwa nini unatoka.

Muulize shahidi ametoka wapi. Tarehe 10 Oktoba 1990 msichana wa Kikuwait wa miaka 15, aliyetambulishwa kwa jina la Nayirah tu, alisimulia mbele ya wabunge wa Marekani kwamba aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti kwenye mashine hospitalini na kuwaacha wafe. Dunia nzima ikalia. Rais George Bush, baba yake yule wa pili, alikirudia kisa hicho mara kadhaa, na maseneta nao wakakitaja kabla ya kupiga kura ya vita Januari 1991. Kura zilikuwa 52 kwa 47.

Mwaka 1992 ikajulikana kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake ulikuwa sehemu ya kampeni ya Hill & Knowlton, kampuni ya mahusiano ya umma iliyolipwa na kundi lililogharamiwa na serikali ya Kuwait. Wachunguzi wa haki za binadamu hawakupata uthibitisho wa kisa chenyewe. Saddam Hussein alikuwa ameivamia Kuwait kweli na kuwatesa watu kweli. Kulikuwa na sababu gani ya kutunga? Kwa kuwa uvamizi peke yake haukuwa unawatoa machozi Wamarekani wa kutosha. Kwa hiyo kisa kinapokuumiza moyo, hapohapo ndipo uulize: nani kamleta huyu, nani kalipa ukumbi, nani mwingine ameona?

Uchaguzi nao uweke kwenye kalenda yako. Septemba 2002 Andrew Card, mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Marekani, aliulizwa na New York Times kwa nini kampeni dhidi ya Iraq ilisubiri mpaka mwezi huo. Alijibu kwamba kwa mtazamo wa kibiashara, bidhaa mpya haizinduliwi Agosti. Alisema hivyo waziwazi. Bunge likapiga kura ya kuruhusu vita Oktoba, uchaguzi wa wabunge ukafanyika Novemba, na Februari 2003 waziri wa mambo ya nje, Colin Powell, akaenda Baraza la Usalama na picha zake za maghala. Maghala ya silaha za maangamizi yaliyodaiwa hayajaonekana mpaka leo.

Hapo kuna funzo kwa msomaji wa magazeti. Mei 2004 New York Times lenyewe liliwaandikia wasomaji kwamba baadhi ya habari zake za Iraq hazikuchujwa vya kutosha. Lakini waandishi Jonathan Landay na Warren Strobel wa kampuni ya magazeti ya Knight Ridder walikuwa wametilia shaka tuhuma zile tangu mwanzo, kwa kuwauliza maofisa wa ngazi ya kati badala ya mawaziri. Jifunze kuzipa uzito habari zinazotoka kwa watu wasio na kiti cha kugombea.

Kisha tafuta mali iliyo chini ya bendera. Migingo ni mwamba mdogo tu kwenye Ziwa Victoria, umejaa mabati na wavuvi. Kenya na Uganda zilipoanza kuugombea kwa sauti, mwaka 2009 vijana wa Kibera waling'oa reli inayoelekea Uganda. Bendera ilitajwa sana. Wavuvi walikuwa wanazungumzia sangara: nani anatoza ushuru, nani anakamata nyavu, samaki wanauzwa kupitia bandari ipi. Ukikuta mzozo wa mpaka, waulize wavuvi, wafugaji na madereva wa malori wanaopita pale kila wiki. Wao wanajua kinachogombewa kabla ya mabalozi.

Soma na ya upande wa pili. Sisi tuna bahati ambayo mataifa mengi hayana, maana lugha yetu inavuka mipaka. Ukiwa Arusha unaweza kusoma Taifa Leo la Kenya, na ukiwa Nakuru unaweza kusoma Mwananchi la Tanzania, bila mkalimani. Chagua tukio moja, soma pande zote mbili, kisha andika yale wanayokubaliana. Hayo ndiyo ya kuanzia. Yaliyobaki yasubiri.

Klipu iliyoingia kwenye simu yako usiitume mbele bado. Isimamishe, piga picha ya skrini, itafute kwa Google Lens uone kama iliwahi kutumika mahali pengine miaka ya nyuma. Tazama sare, mabango, namba za magari, lugha inayosikika nyuma. Muulize aliyekutumia maswali matatu: wapi, lini, nani kapiga. Kama hajui hata moja, iishie kwako.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili lifanye leo. Kama una mpangaji, mwanafunzi mwenzako au mteja anayetoka nchi inayotukanwa wiki hii, mpigie simu. Mwulize hali, na mwambie kwamba akisumbuliwa aje kwako.