Somo la Ufundi: Kujiandaa kwa Shahada ya Mitindo

Vijana wengi wanaochagua shahada ya mitindo ya mavazi hufika chuoni wakiwa na madaftari yaliyojaa michoro mizuri, ilhali hawajawahi kutia uzi kwenye cherehani. Kozi haiwasubiri. Pamoja na masomo ya vitambaa, uchoraji na masoko, kuna kazi za kushona zinazotolewa alama. Kitambaa kikikatwa vibaya, kingine hununuliwa kwa pesa za mwanafunzi au mzazi. Miezi ya kusubiri kujiunga na chuo inatosha kujifunza misingi.

Njia za kuingia

Nafasi za shahada hutolewa kupitia KUCCPS kwa waliopata angalau wastani wa C+ katika mtihani wa KCSE, na baadhi ya kozi huhitaji alama maalum katika masomo fulani. Chuo Kikuu cha Kenyatta ni mojawapo ya vyuo vya umma vinavyofundisha fani hii.

Aliyekosa C+ hajafungiwa mlango. Zipo kozi za stashahada na cheti, na vyuo vya ufundi vya mashinani, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti, hufundisha ushonaji. Fundi aliyejifunzia kazi kibandani pia anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, yanayoanzia daraja la tatu hadi la kwanza, apate cheti cha ujuzi wake.

Kuzoea cherehani

Siku za kwanza, mwanafunzi ashone karatasi ya daftari yenye mistari bila kutia uzi. Afuate mstari hadi matundu ya sindano yanyooke. Akifika kwenye kona, aache sindano ikiwa chini, ainue mguu wa cherehani, ageuze karatasi, kisha aendelee.

Baada ya hapo atie uzi na ajaribu kwenye kipande cha kitambaa. Sindano namba 90/14 yafaa kitenge na pamba ya wastani. 70/10 ni ya vitambaa vyepesi. Na 100/16 ni ya jinzi. Uzi wa chini ukijitokeza juu ya kitambaa, uzi wa juu umekazwa mno. Vitanzi vikitokea upande wa chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea au haukupitishwa vizuri.

Zoezi: sketi ya lastiki

Sketi hii inafundisha kupima, kukata, kuunga na kupinda. Tuseme anayeshonewa ana kiuno cha sentimita 74, nyonga 100, na anataka sketi ya urefu wa 65.

1. Upana: nyonga mara moja na nusu ni 150. Ukigawa kwa vipande viwili ni 75 kila kimoja. Ongeza 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, upate 78.

2. Urefu: 65, ongeza 3 za pindo la chini na 4 za njia ya lastiki, upate 72.

3. Kitambaa: vipande viwili vya urefu wa 72 vinahitaji 144. Pamba hurudi ikifuliwa, kwa hiyo mwanafunzi anunue kama sentimita 160, akifue, akianike na kukipiga pasi kabla ya kukata.

4. Kukata: urefu wa sketi ufuate ukingo wa kitambaa usiochanika nyuzi. Kikikatwa mshazari, sketi itapinda ikivaliwa. Maua ya kitenge yaangalie juu kwenye vipande vyote viwili.

5. Kuunga: pande nzuri zitazamane, zifungwe kwa pini, kisha mishono ya pembeni ishonwe sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Ncha zipigwe ovaloki au zigizagi ili zisichanike.

6. Njia ya lastiki: upande wa juu ukunjwe sentimita 1, kisha 3, ushonwe na kuachwa mwanya mdogo. Lastiki ya upana wa 2.5 ikatwe 71: kiuno toa 5, ongeza 2 za kuunganishia. Ipitishwe kwa pini kubwa, iunganishwe, mwanya uzibwe.

7. Pindo la chini: likunjwe sentimita 1, kisha 2, lishonwe.

Kukagua kazi

Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuvukwa na mwingine. Sketi ikimalizika, igeuzwe ndani nje, kwa sababu huko ndiko mwalimu huangalia kwanza. Mishono iwe imenyooka, nyuzi zimekatwa, pindo lina upana mmoja kuzunguka. Palipokosewa pafumuliwe na kushonwa upya.

Mwanafunzi aandike vipimo na makosa ya kila zoezi daftarini. Asiye na cherehani nyumbani anaweza kuomba nafasi ya mazoezi kwa fundi wa mtaani, au kuulizia chuo cha ufundi kilicho karibu naye katika ofisi ya wadi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.