Picha za Ubongo na Vipimo Visivyolingana

Katika milima ya Usambara, Wilaya ya Korogwe, ipo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Lutindi. Mahali hapo palianza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 pamekuwa pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Picha ya ubongo kwa njia ya sumaku, hata hivyo, hupigwa katika hospitali kubwa za mijini, na hapo ndipo linapozuka tatizo linaloelezwa katika makala haya.

Chukulia kijana wa Handeni mwenye kifafa. Picha yake ya kwanza ilipigwa katika mji mmoja, na ya pili, baada ya miaka miwili, katika mji mwingine. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilipimwa ikawa na ujazo wa sentimita za ujazo 3.2, mara ya pili ikawa 2.9. Je, imesinyaa? Jibu lina uzito, kwani kusinyaa huko huandamana na aina fulani ya kifafa kisichotii dawa kwa urahisi.

Yafaa ieleweke kwamba mtambo haupimi ubongo kwa rula. Sumaku yake huzipanga protoni za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili. Protoni hizo husukwasukwa kwa mawimbi ya redio, kisha hurudi katika utulivu wake. Muda wa kurudi hutofautiana baina ya tishu na tishu, na tofauti hiyo ndiyo inayotoa weusi na weupe wa picha. Lakini muda huo hubadilika pia kwa nguvu ya sumaku yenyewe. Mitambo mingi ya hospitali ina nguvu ya tesla 1.5, mitambo midogo ya magurudumu, ambayo imekwisha kutumika hata Uganda, ina tesla 0.064 tu. Mpaka wa tishu ulio dhahiri katika picha ya kwanza waweza kuwa na ukungu katika ya pili.

Baada ya mtambo huja kompyuta, ambayo programu yake huamua kila chembe ya picha ni ya sehemu gani ya ubongo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walizipitisha picha zilezile katika matoleo mbalimbali ya programu ya FreeSurfer. Ujazo wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8 baina ya toleo moja na jingine. Hata aina ya kompyuta ilileta tofauti, ingawa ndogo zaidi. Hakuna ubongo uliokuwa umebadilika!

Kwa sababu hiyo, utafiti ukishaanza programu haibadilishwi katikati. Na ikilazimu kubadilishwa, picha zote za zamani hupimwa upya kwa toleo jipya. Mitambo nayo hulinganishwa kwa chombo cha plastiki chenye kimiminika, ambacho vipimo vyake vinajulikana. Chombo hicho hufichua upotofu wa umbo, lakini hakina tishu za ubongo. Kwa hiyo watu wenye afya husafirishwa kutoka mtambo hadi mtambo ili wapigwe picha kotekote. Ni njia ya gharama, lakini ndiyo inayoaminika zaidi. Hesabu za takwimu huweza kupunguza tofauti zinazobaki, ila iwapo wagonjwa wote walipimwa mtambo mmoja na wazima wote mwingine, hakuna hesabu itakayoutenga ugonjwa na mtambo.

Zoezi. Mtu mwenye afya alipigwa picha katika mitambo yote miwili iliyompima kijana yule, kwa muda wa siku mbili. Mtambo wa kwanza ulitoa 3.5, wa pili 3.2. Kokotoa asilimia ya upungufu kwa kila mmoja wao. Kisha eleza ni kiasi gani cha upungufu wa kijana kinachoweza kuhesabiwa kuwa cha ugonjwa, na kwa nini mtu mmoja mwenye afya hatoshi kulithibitisha jambo hilo.