Kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki nyumbani

SWALI: Toyota yangu ni ya otomatiki na ina stiki ya kupimia oili ya giaboksi. Naweza kuibadilisha mwenyewe?

JIBU: Unaweza, mradi usikosee aina ya oili. Soma kitabu cha gari, au maandishi kwenye stiki yenyewe; oili za T-IV na WS si kitu kimoja. Weka gari juu ya stendi imara, kamwe usiingie chini likiwa kwenye jeki pekee. Fungua nati ya sampo ya giaboksi, kinga oili yote inayotoka, ipime, funga nati, kisha weka oili mpya kiasi kilekile. Nyingine hubaki ndani ya tokikonveta, hivyo usijaze kwa kukisia. Shusha gari penye usawa, washa injini, pitisha gia zote, rudi P, kisha pima oili ikiwa moto. Ikizidi, ipunguze. Oili chafu ipeleke gereji, usimwage mtaroni.