KARATASI YA KWANZA: Insha Kuhusu Mkulima Mdogo Wakati wa Janga la Maradhi

Swali: Eleza hatua ambazo serikali na jamii zinaweza kuchukua ili kumsaidia mkulima mdogo nchini Kenya wakati wa janga la maradhi ya kuambukiza. (alama 20)

Swali hili linaonekana rahisi, na hapo ndipo watahiniwa wengi hunaswa. Wakiona neno "janga" tu, wanaanza kuandika kuhusu barakoa, vitakasa mikono na kukaa umbali wa mita moja. Kurasa mbili zinajaa dalili za ugonjwa, halafu mkulima anajitokeza katika aya ya mwisho na jembe lake begani. Insha kama hiyo, hata ikipambwa kwa methali sita, imepotoka kimaudhui, na mtahini hana budi kuishusha hadi kiwango cha D.

Kabla ya kuandika, pigia mstari maneno matatu katika swali: *hatua*, *mkulima mdogo* na *wakati wa janga*. Hukuulizwa matatizo, umeulizwa hatua. Hata hivyo, hatua haieleweki bila tatizo inalolitatua, kwa hivyo kila aya yako itataja tatizo kwa sentensi mbili au tatu, kisha itatumia nafasi iliyobaki kueleza suluhisho. Mkulima mdogo naye ni yule anayelima kipande cha ardhi, kwa kawaida ekari tano au chini, akitegemea nguvu za familia yake na kibarua mmoja wawili. Ukianza kuandika kuhusu mashamba makubwa ya maua ya Naivasha, umetoka nje ya swali.

Yaliyotokea mwaka wa 2020

Hoja zenye uzito hutokana na mambo halisi. Ulikuwa katika shule ya msingi wakati huo, na huenda unakumbuka likizo ndefu tu. Jifunze mfuatano huu.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikaagiza shule zifungwe. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili watu walizuiwa kuingia au kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa. Katika eneo la Nairobi na Mombasa zuio hilo lilidumu hadi Julai. Isitoshe, nzige wa jangwani walikuwa wamekwisha kuingia nchini tangu Desemba 2019.

Sasa zingatia jambo ambalo watahiniwa wengi hawalijui. Magari ya chakula *hayakuzuiwa*. Amri ya Aprili ilisema wazi kuwa vyakula na mizigo mingine vitaendelea kusafirishwa kama kawaida. Basi ukiandika kwamba "serikali iruhusu malori ya chakula kupita", unapendekeza jambo lililokuwa limefanywa tayari. Kwa nini basi kabichi zilioza shambani?

Jibu ni kwamba barabara ilikuwa wazi lakini mnunuzi hakuwepo. Fikiria kabichi ya mkulima huenda wapi. Nyingine hununuliwa na shule za bweni, na shule zilikuwa zimefungwa. Wanafunzi wote hawakurejea hadi Januari 2021. Nyingine huenda hotelini, na hoteli hazikuwa na wageni. Nyingine huuzwa katika soko la wazi, na baadhi ya kaunti zilikuwa zimeyafunga masoko hayo au kuyahamishia viwanjani. Biashara ya mboga za jumla nayo hufanywa usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile za kafyu. Hata mkulima wa mishiri wa Kirinyaga, ambaye mazao yake huliwa Ulaya, aliguswa: sehemu kubwa ya mboga hizo husafirishwa chini ya ndege za abiria, na ndege hizo hazikuwepo.

Ukilielewa hilo, hoja zako zitakuwa tofauti na za wengine darasani. Hatua ya maana ni ile inayolenga pale mnyororo ulipokatikia.

Hoja unazoweza kujenga

Hoja yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni *kumtafutia mkulima mnunuzi mbadala*. Serikali inapogawa chakula kwa familia zilizopoteza kazi mijini, inaweza kununua chakula hicho kwa wakulima wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika, badala ya kununua unga kwa mfanyabiashara mmoja mkubwa. Pesa zilezile zinasaidia pande mbili. Masoko nayo yasifungwe kabisa. Yatawanywe na wachuuzi wapewe zamu. Kumbuka kutaja serikali za kaunti hapa, kwa sababu chini ya Katiba ya 2010 kilimo na masoko ni majukumu yaliyogatuliwa.

Hoja ya pili ni *pembejeo*. Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake zilitengwa bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000, kupitia vocha za kielektroniki. Piga hesabu: ni wastani wa shilingi 15,000 kwa kila mkulima. Zinatosha mbegu na mifuko kadhaa ya mbolea. Mtahiniwa hodari hataishia kuusifu mpango huu. Atauliza: je, mkulima asiye na simu atapataje vocha? Je, mbolea ya msimu ujao itamsaidiaje yule ambaye nyanya zake zinaoza wiki hii? Maswali ya namna hii hutenganisha alama 12 na alama 17.

Hoja ya tatu ni fedha. Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuondolewa kwa ada za kutuma shilingi 1,000 au chini kwa simu. Yanaonekana mambo madogo, lakini anayeuza maziwa lita mbili mbili hupokea malipo ya namna hiyohiyo. Ongeza kwamba riba ya mikopo inaweza kupunguzwa, au muda wa kulipa ukarefushwa hadi mavuno.

Nyingine unaweza kuzipitia kwa ufupi. Mikutano ilipopigwa marufuku, maafisa wa kilimo hawakuweza kuwakusanya wakulima shambani. Redio za lugha za mama na ujumbe wa simu zinaweza kuchukua nafasi hiyo. Jamii, ambayo wengi huisahau ingawa imo katika swali, inaweza kufufua desturi ya kusaidiana shambani wakati wa palizi, kukausha mboga ili zisiharibike, na kununua kwa jirani kabla ya kwenda dukani.

Aya mbili za kulinganisha

*Dhaifu:* Serikali inafaa iwasaidie wakulima kwa kuwapa pesa na mbolea kwa sababu kilimo ni uti wa mgongo wa nchi yetu tukufu na wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

*Nzuri:* Mbali na hayo, kaunti ziyatawanye masoko badala ya kuyafunga. Mama mwenye robo ekari ya sukuma wiki hana jokofu wala ghala. Mboga asizouza leo, kesho ni lishe ya ng'ombe. Soko likifungwa kwa wiki mbili, anapoteza karo na nauli, na pia pesa za kununulia mbegu za msimu unaofuata. Kiwanja cha shule kinaweza kugawanywa vibanda, wachuuzi wa mboga wakauza Jumatatu na Alhamisi, wa nafaka Jumanne na Ijumaa. Kwa njia hii maradhi yanadhibitiwa bila kumwangamiza anayetulisha.

Aya ya kwanza ina methali isiyohusiana na hoja yoyote, na mkulima wake hana sura. Ya pili haina methali hata moja, lakini mtahini anamwona mama yule.

Zoezi

1. Taja hatua mbili za mwaka wa 2020 zilizomfikia mkulima mdogo na ueleze upungufu mmoja wa kila hatua.
2. Tunga sentensi sahihi ukitumia: *pembejeo*, *ruzuku*, *kugatua*, *mnyororo wa ugavi*.
3. Jiweke katika nafasi ya katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa viazi. Shule za bweni zilizokuwa zikiwanunulia zimefungwa. Mwandikie Waziri wa Kilimo wa kaunti yenu barua rasmi ukipendekeza hatua tatu. (alama 20, maneno 400)