Kuunganisha Spika Nyingi na Sabufa kwenye Amplifaya ya Nyumbani

Kwa kawaida mnunuzi wa amplifaya ya nyumbani huanza na spika mbili. Baadaye huongeza jozi nyingine kwa ajili ya barazani, kisha akapata spika ya besi iliyotolewa garini, nayo akaiunganisha. Muziki huendelea kulia, naye huamini kuwa mambo ni salama. Siku ya sherehe, sauti ikiwa juu kwa saa kadhaa, ndipo harufu ya kuungua husikika. Lawama huelekezwa kwa muuzaji, dhamana hudaiwa, na dai hukataliwa kwa kuwa dhamana nyingi hazihusu kifaa kilichotumiwa kinyume cha maelekezo. Mara nyingi mashine haikuwa mbovu; ilibebeshwa mzigo isioumudu.

Mzigo huo hausomwi kwenye wati zilizoandikwa katika boksi. Husomwa nyuma ya mashine, karibu na matundu ya kuingizia nyaya za spika, palipoandikwa namba pamoja na alama Ω. Hicho ni kipimo cha ukinzani, nacho huitwa omu. Kila spika nayo huwa na namba yake, aghalabu omu 8, 6 au 4. Hapa ndipo wengi hukosea, kwani namba ndogo hudhaniwa kuwa mzigo mwepesi. Ukweli ni kinyume chake: kadiri omu zinavyopungua, ndivyo mkondo wa umeme unaotoka katika amplifaya unavyoongezeka.

Tuchukue amplifaya inayotoa volti 20 kwa spika. Spika moja ya omu 8 itavuta ampea 2.5. Ukiongeza ya pili kama hiyo katika matundu yaleyale, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, umeziunganisha kwa usambamba. Jumla huwa omu 4 na mkondo hufika ampea 5. Kwa spika tatu jumla hushuka hadi omu 2.7 hivi. Kwa nne hubaki omu 2, na mkondo unaotakiwa ni ampea 10, yaani mara nne ya ule wa mwanzo. Iwapo mashine imeandikwa kuwa haipaswi kupewa chini ya omu 6, hata spika ya pili tu imekwisha kuvuka mpaka.

Ipo njia nyingine, ya mfululizo. Waya chanya wa amplifaya huingia kwenye chanya ya spika ya kwanza. Hasi ya spika hiyo huunganishwa na chanya ya spika ya pili. Na hasi ya spika ya pili hurudi kwenye hasi ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 huwa omu 16. Sauti hupungua kiasi, lakini mashine hupumua. Mwenye spika nne zinazofanana anaweza kutengeneza jozi mbili za mfululizo, kisha akaziunganisha jozi hizo kwa usambamba; jumla itarudi kuwa omu 8. Zisichanganywe spika za aina tofauti katika mpango huu, maana hazitagawana nguvu kwa usawa.

Amplifaya nyingine zina matundu ya seti mbili, A na B. Soma maandishi yake yote. Ni kawaida kukuta kwamba seti moja ikitumika peke yake inaruhusiwa spika za omu 4, lakini zikiwashwa A na B pamoja kila spika itakiwe kuwa na omu 8 au zaidi. Mtumiaji mwenye haraka husoma mstari wa kwanza na kuuacha wa pili.

Kuhusu sabufa, madukani neno hili hutumika hata kwa seti nzima ya redio na spika zake. Hapa tunamaanisha spika ya besi peke yake. Iliyo salama zaidi kwa nyumba ni ile yenye amplifaya yake ndani na waya wake wa umeme. Hiyo haiongezi mzigo wa spika: huletewa mawimbi kwa waya wa pini kutoka tundu lililoandikwa SUB OUT au PRE OUT. Spika ya besi ya gari haina amplifaya ndani, na nyingi ni za omu 4 au 2. Isichomekwe pamoja na spika za sebuleni. Itafutiwe amplifaya yake inayokubali omu hizo. Pia matundu ya spika ya amplifaya moja yasiunganishwe kamwe na matundu ya spika ya amplifaya nyingine.

Kabla ya kugusa waya wowote, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Menya ganda la waya kwa urefu mdogo tu, sokota nyuzi zake vizuri, na hakikisha hakuna hata uzi mmoja unaogusa tundu la jirani, kwani uzi huo mmoja unaweza kuunguza mashine nzima. Chanya na hasi zikipishana katika spika moja, hakuna kinachoungua, ila besi hupwaya. Washa kwa sauti ya chini, kisha baada ya nusu saa weka kiganja juu ya mashine. Joto la kawaida huvumilika. Usipoweza kuacha mkono hapo, zima na upunguze spika. Na kile kitambaa cha kufuma kinachopendezesha juu ya amplifaya kiondolewe: kimeziba matundu ya kutolea joto.

Mashine za mitumba kutoka Japani hutengenezwa kwa umeme wa volti 100, ilhali wa kwetu Tanzania ni volti 230. Zinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Fyuzi ikikatika, wekewa nyingine ya kipimo kilekile. Fundi anayefunga kipande cha waya mahali pake ameondoa kinga pekee iliyobaki kati ya hitilafu na moto.

Tukirudi kwenye boksi: maelfu ya wati yanayofuatiwa na herufi PMPO hayaelezi nguvu halisi ya mashine. Tazama kibandiko cha nyuma kinachoonyesha umeme unaotumika. Mashine inayotumia wati 60 haiwezi kutoa wati 5,000 za muziki mfululizo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu sifa za bidhaa. Aliyeuziwa kwa maelezo ya uongo atunze risiti, boksi na kadi ya dhamana, arudi kwanza kwa muuzaji, na asiporidhika awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani.