Kufuma kwa Kroshia: Jinsi ya Kumfundisha Anayeanza



Tulipokimbia tuliacha nyumba, mashamba na mifugo. Ujuzi wa mikono tulivuka nao mpaka. Hapa Nakivale wako akina mama, na vijana pia, waliojifunza kufuma vitambaa kwa kroshia huko Kongo au Burundi, wengine shuleni, wengine kwa dada na shangazi zao. Somo hili ni la wewe unayetaka kujifunza. Zaidi ni la wewe unayejua tayari, ambaye jirani amekuomba umfundishe.

Kikundi cha kufuma kinaweza kuanza na watu wengi, na baada ya majuma mawili wakabaki wachache. Usiseme haraka kwamba walioacha ni wavivu. Mara nyingi mtu ameona kitambaa chake kinapinda, akadhani mikono yake haifai. Au mwalimu alimnyang'anya kazi, akamfumia safu tatu, akamrudishia. Mtu huyo anakwenda nyumbani na deni la uzi bila ujuzi wowote. Kwa hiyo shabaha ya mwalimu iwe moja: mwanafunzi aweze kuliona kosa lake mwenyewe na kulirekebisha.

KAZI HII ILIWAHI KULISHA WATU

Katika miaka ya 1840 ugonjwa uliharibu viazi nchini Ayalandi, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Mwaka 1847, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa hapo, alileta mwalimu wa kroshia ili awafundishe wanawake maskini. Waliojifunza waliwafundisha wengine, na vitambaa vyao vikauzwa mbali. Familia nyingi zilipata chakula kwa sindano moja na uzi. Angalia kwamba ujuzi ulienea kwa sababu aliyejifunza aliweza kumfundisha mwenzake.

VIFAA

1. Sindano ya kroshia, yaani ile yenye ndoano ndogo nchani. Kwa uzi wa sweta wa unene wa kati, sindano ya milimita 4 inafaa. Asiye nayo achonge ya mti mgumu na kuilainisha vizuri. Spoku ya baiskeli iliyopindwa na kusuguliwa kwenye jiwe hufaa kwa uzi mwembamba tu.

2. Uzi mnene kiasi, wa rangi nyeupe au ya kung'aa. Usimwanzishie mwanafunzi uzi mweusi au mwembamba, kwa maana hataona mafundo yake.

3. Mkasi au wembe, na vipande vidogo vya uzi wa rangi nyingine vya kuwekea alama.

KAZI YA KWANZA: KITAMBAA CHA MRABA

Usianze na kitambaa cha meza. Anza na kipande kidogo cha kuwekea kikombe.

1. Funga kitanzi kwenye sindano. Zungusha uzi juu ya sindano, uvute upite ndani ya kitanzi. Hilo ni jicho moja la mnyororo. Fuma macho 21.

2. Ruka jicho lililo karibu na sindano. Ingiza ndoano katika jicho linalofuata, zungusha uzi, vuta. Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Zungusha uzi tena, vuta upite katika vyote viwili. Hilo tuliite fundo fupi. Endelea mpaka mwisho, upate mafundo 20.

3. Fuma jicho moja la mnyororo, geuza kazi, kisha rudi kwa mafundo 20. Kila mara ingiza ndoano chini ya nyuzi zote mbili zilizo juu ya fundo.

4. Fanya safu 20 au zaidi kidogo. Kunja kitambaa pembe kwa pembe. Pande zikilingana, mraba umetimia.

Kosa la kawaida ni hili: mwanafunzi anasahau fundo la mwisho wa safu. Safu ya kwanza ina 20, ya pili 19, ya tatu 18, na kitambaa kinakuwa kama pembe ya ng'ombe. Dawa yake ni kuhesabu kila mwisho wa safu, kwa sauti. Vilevile weka kipande cha uzi wa rangi katika fundo la kwanza na la mwisho, ukikihamisha kila safu.

KUBADILI RANGI

Fuma fundo la mwisho la rangi ya kwanza mpaka vibaki vitanzi viwili kwenye sindano. Hapo achia uzi wa zamani, uchukue mpya, uvute upite katika vyote viwili. Ukisubiri mpaka fundo liishe, mpaka wa rangi utakuwa na madoa. Mikia ya nyuzi ilaze juu ya safu na uifumie ndani, isije ikachomoka wakati wa kufua.

KITAMBAA CHA DUARA

Anza na mafundo mafupi 6 ndani ya kitanzi. Duru ya pili iwe na 12, ya tatu 18, ya nne 24. Yaani kila duru ongeza 6. Kazi ikikunjamana juu kama bakuli, umeongeza machache. Ikijikunja kama jani la kabichi, umezidisha.

ONYO: Usifume kishikio cha sufuria kwa uzi wa sweta wa kiwandani kabla ya kuupima. Choma kipande kidogo nje ya nyumba, mbali na watoto. Pamba huacha majivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuwa punje ngumu. Juu ya sufuria ya moto utaunguza mkono. Kwa kazi ya jikoni tumia pamba.

KWA MWALIMU

Keti kando ya mwanafunzi, mkitazama upande mmoja, ili mkono wako uende kama wake. Anayetumia mkono wa kushoto mkalishe mbele yako, akuone kama kwenye kioo. Usimlazimishe kubadili mkono.

Shika kazi yako, naye ashike yake. Akikosea, uliza: "Mama, safu hii ina mafundo mangapi?" Ngoja ahesabu. Akipata 19, uliza la ishirini liko wapi. Kisha afumue yeye mwenyewe mpaka kwenye kosa. Atakayeogopa kufumua hatajua kufuma, na uzi haupotei kwa kufumuliwa.

Kama hamsemi lugha moja, hesabuni kwa vidole. Macho na mikono vinatosha kwa majuma ya kwanza. Wanafunzi watano kwa mwalimu mmoja ni kiasi kizuri. Aliyemaliza mraba wake amwonyeshe mwenzake safu ya kwanza. Hapo utajua kama ameelewa.

UKITAKA KUUZA

Andika gharama kabla ya kutaja bei. Kwa mfano, uzi umekugharimu shilingi 4,000, umefuma kwa saa 6, na umeuza kwa shilingi 5,000. Umepata shilingi 1,000 kwa saa 6. Je, inakutosha? Labda kitambaa kidogo cha saa 2 kingekulipa vizuri zaidi.

Mtu akiagiza seti ya vitambaa vya makochi, omba malipo ya awali yanayotosha kununua uzi. Nunua uzi wote siku moja, kwa sababu rangi ileile iliyotiwa siku nyingine huweza kutofautiana. Usikope uzi kwa kazi ambayo hakuna aliyeiagiza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kitambaa kinachopungua upana kinatuonyesha kosa gani?
2. Kwa nini mwalimu asichukue kazi mkononi mwa mwanafunzi?
3. Katika mtaa wetu, nani alianza kujifunza akaacha? Nani kati yetu atamtembelea, akae kando yake, wahesabu pamoja?