Mjukuu ni wako, lakini mpakani wanataka karatasi

Basi la Kigali likimaliza mteremko wa Rusumo, abiria huambiwa washuke na nyaraka mkononi. Tuseme kati yao yumo bibi wa Rulenge. Mjukuu wa miaka mitatu yuko mgongoni, wa miaka saba ameshika pindo la kitenge. Wanakwenda Kibungo kumwona shangazi yao, binti wa bibi aliyeolewa huko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hawa watoto ni nani wako?"

"Wajukuu zangu. Baba yao yuko Kahama kwenye kazi, mama yao amebaki nyumbani anauguza."

"Wamekupa barua?"

Hapo ndipo safari inapokwama. Bibi aliyewaogesha watoto hao tangu kitovu hakijakauka anaulizwa barua kana kwamba amewaokota njiani. Swali hilo linauma, na sina haja ya kujifanya haliumi. Ila afisa anayeliuliza anafanya kazi ambayo ningetaka aifanye siku mwanangu akishikwa mkono na mtu asiye mzazi wake. Leo nataka tuelewane juu ya haki alizonazo bibi huyu, na karatasi ambazo zingemvusha ndani ya dakika kumi.

Tuanze na haki. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kurudi. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na pia ndugu wa ukoo mzima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 10 kwamba mtoto ambaye wazazi wake wanaishi nchi tofauti ana haki ya kuwasiliana nao wote wawili mara kwa mara. Kwa hiyo kumpeleka mtoto Kibungo akawajue binamu zake, au Muyinga kule Burundi akamsalimie baba yake, ni jambo ambalo sheria inalitaka. Huombi fadhila ya mtu.

Lakini Sheria ya Mtoto hiyohiyo inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mamlaka ya malezi yake inayaweka kwanza kwa wazazi. Bibi na babu ni ndugu. Undugu huo haumpi afisa uhakika kwamba mama wa mtoto anajua mwanawe yuko wapi. Na tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo inahesabu kosa kuwa zito zaidi aliyesafirishwa akiwa mtoto. Wasichana wanaopelekwa kufanya kazi za ndani na wavulana wanaopelekwa kuchunga au kulima kwa watu mara nyingi husindikizwa na mtu mzima anayejiita shangazi, mjomba au bibi. Afisa hawezi kumtofautisha bibi wa kweli na hao kwa kuwaangalia sura.

Daraja la Rusumo linajua habari za watoto waliopotezana na wakubwa wao. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walilivuka kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakitoka kwenye mauaji na vita vya Rwanda, na kambi ya Benako ikajaa. Humo walikuwamo watoto wengi wasiokuwa na mzazi wala karatasi, na kuwarudisha kwa ndugu zao ilikuwa kazi ya miaka. Kipande cha karatasi chenye jina la mama na la kijiji kilikuwa kitu kikubwa.

Sasa karatasi zenyewe. Ya kwanza ni barua ya ridhaa ya wazazi. Iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: majina kamili ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa kama zilivyo kwenye vyeti, jina la bibi na namba yake ya NIDA, wanakwenda wapi, kwa nani, kwa shughuli gani, wanatoka lini na wanarudi lini. Wazazi wote wawili watie sahihi na waandike namba za simu zitakazokuwa hewani siku ya safari. Nasisitiza simu, kwa sababu afisa mwenye shaka akimpigia baba Kahama naye akapokea, mambo huisha palepale. Muhuri wa mtendaji wa kijiji unasaidia, lakini mimi nashauri mzazi aape mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu, barua igeuke hati ya kiapo. Baba aliye Kahama hahitaji kupanda basi kuja Ngara kwa ajili hiyo. Aape hukohuko, atume karatasi halisi kwa basi, na nakala ya picha kwenye simu ya bibi.

Mzazi mmoja akiwa amefariki, beba cheti cha kifo. Kama cheti cha kuzaliwa kinamtaja mama peke yake, mama aeleze katika kiapo chake kwamba ndiye mlezi pekee. Wazazi wote wawili wakiwa wamefariki, kifungu cha 9 cha Sheria ya Mtoto kinaruhusu jukumu la malezi lihamie kwa ndugu wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Wahangaza, Washubi, Wasubi, wote wana kikao cha ukoo, na sheria inakitambua. Tatizo ni kwamba ukoo ukishakaa, maamuzi hubaki vichwani mwa wazee. Andikeni muhtasari, wajumbe watie sahihi, uende kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kama safari ni ya kuhamia huko au ya kukaa muda mrefu, muhtasari hautatosha. Ombeni amri ya mahakama.

Karatasi ya pili ni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Ndicho kinachomfunga mtoto na mzazi aliyeandika ridhaa. Kadi ya kliniki ni kumbukumbu nzuri ya chanjo, ila haichukui nafasi ya cheti. RITA ina mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata, kwa hiyo mjukuu wa miaka mitatu asikose cheti kwa kisingizio cha fedha. Kagueni majina. Mtoto akiitwa jina moja kwenye cheti na lingine kwenye barua, kwa afisa hao ni watoto wawili.

Ya tatu ni hati ya kusafiria, na hapa watu wetu wengi wanapotoshwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine bila viza na kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita bila kulipa chochote. Wanyarwanda, Waganda na Wakenya wamekuwa wakivuka baina yao kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014. Watanzania hatumo katika utaratibu huo. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikufanyi msafiri wa kimataifa. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, na mtoto vilevile anahitaji yake. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Bibi na wajukuu wawili tayari ni 450,000, fedha ambayo mkulima wa kahawa au ndizi wa Ngara haitoi mfukoni kirahisi. Kwa safari moja ya kwenda nchi jirani, ulizia hati ya dharura kwenye ofisi ya Uhamiaji ya wilaya. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha. Ombi la mtoto lazima liambatane na ridhaa ya wazazi, kwa hiyo barua ile inafanya kazi mara mbili.

Ukigongewa muhuri wa kuingia, tazama siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka dirishani. Na mtu akikudai fedha ya muhuri huo, omba stakabadhi ya serikali. Asipokuwa nayo, hiyo ni rushwa. TAKUKURU wanapokea simu namba 113 bure.

Jambo moja huwachanganya wazee pale Rusumo. Tangu daraja jipya na kituo cha huduma za pamoja vilipozinduliwa mwaka 2016, maafisa wa nchi mbili wanakaa jengo moja. Ukielekea Rwanda unavuka kwanza Mto Kagera, kisha unagongewa kutoka Tanzania na kuingia Rwanda ng'ambo hiyohiyo. Bibi asidhani amepitiliza akaanza kuhangaika na kurudi darajani kwa miguu. Madirisha ni mawili na maswali huulizwa mara mbili, hivyo barua isirudi kwenye kapu baada ya dirisha la kwanza.

Kabanga, kwenye mpaka wetu na Burundi, kuna mkondo mwingine wa familia siku hizi. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na ndugu wa nchi hizo mbili wakalazimika kuzungukia Ngara, wanaingilia Kobero, ng'ambo ya Kabanga, na kutokea Rusumo, au kinyume chake. Kama umewapokea wageni wa namna hiyo na bibi yao, ambaye wao humwita nyogokuru, waambie karatasi zinahitajika kwenye kila mpaka wanaouvuka.

Najua zipo njia za panya. Najua pia kuna vijiji ambako shamba liko huku na kisima kiko kule, na watu huvuka kama wanaokwenda kwa jirani. Lakini ukimpitisha mtoto porini hadi kwa ndugu walio mbali, hakuna muhuri unaoonyesha alitoka lini na nani. Akiugua, akipotea, au ndugu akikataa kumrudisha, unaanza kwa kujieleza kwa nini hukupita mpakani.

Wazee wenyewe wana shida zao. Bibi wa miaka 75 hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa; Uhamiaji hupokea hati ya kiapo cha kuzaliwa badala yake. Alama za vidole zilizolika kwa jembe husumbua mashine za NIDA, hivyo aanze mapema, miezi kabla ya safari. Na wapo wanaoogopa hata kulisogelea dirisha la Uhamiaji, kwa sababu Kihangaza kinasikika kama Kirundi masikioni mwa mgeni, na Septemba 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera ikiwasaka wahamiaji haramu. Hofu hiyo ina msingi. Mzee akitiliwa shaka uraia wake, ana haki ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mtu yeyote kwa namna ya kumdhalilisha. Akikamatwa kwa kosa, anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Lugha ya mama haijawahi kuwa ushahidi wa uraia wa mtu. Abebe kitambulisho cha NIDA, barua ya mwenyekiti wa kitongoji na, kama kipo, cheti cha mmoja wa wanawe.

Afya nayo isisahaulike. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Biharamulo, na ukatangazwa kumalizika Machi mwaka huohuo. Vipimo vya joto mipakani vilianza kuonekana jambo la kawaida. Mtoto mwenye homa anaweza kuzuiwa kwa uchunguzi, na hilo lina msingi wa kisheria. Ninyi ombeni bibi abaki karibu na mtoto na aambiwe kinachoendelea kwa lugha anayoielewa. Dawa za presha za babu zikae kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Kadi ya CHF iliyoboreshwa haitamlipia matibabu ng'ambo ya mto.

Neno kwa wazazi waliotengana, kwa sababu hapa ndipo nimeona machozi mengi. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 unaosaidia kurudisha watoto waliopelekwa nchi nyingine bila ridhaa ya mzazi. Maana yake, mtoto akishavuka na kuzuiliwa huko, itabidi ufuatilie kwa mahakama za nchi ile, kwa fedha yako. Kwa hiyo nendeni mahakamani mapema, kabla mtoto hajavuka. Omba amri inayosema mtoto anaishi kwa nani, anatembelea lini, na nani anaweza kusafiri naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Bibi aliyekuwa akimlea mtoto anaweza naye kuomba haki ya kumwona. Wachache wanalijua hili, na wakwe wengi wangelala usingizi kama wangelijua.

Usikubali kuambiwa kwamba mambo haya ni ya wenye fedha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Afisa maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii, Ngara au Biharamulo, atakuelekeza waliko. Ukimwona mtoto anavushwa na mtu unayemtilia shaka, piga 116 bure.

Turudi kwa bibi wa Rulenge. Siku ya kuondoka aweke nakala tatu za barua ya ridhaa: moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja akae nayo yeye, na moja aikunje aifungie kwenye mfuko wa sweta la mjukuu mkubwa kwa pini. Na mjukuu huyo, kwa kuwa miaka saba inatosha, afundishwe kutaja jina la mama yake, la kijiji chake, na namba moja ya simu. Baadhi ya maafisa huinama wakamwuliza mtoto mwenyewe.